Refa Asiye na Kanuni: Jinsi Mchezo wa Kuigiza Mezani Ulivyoendeshwa kwa Mara ya Kwanza

Ukimwuliza mchezaji wa Dungeons & Dragons ni nani aliyeuanzisha mchezo huo, atakutajia Gary Gygax wa Wisconsin na mwaka 1974. Akiwa amesoma kidogo zaidi, ataongeza jina la Dave Arneson wa Minnesota. Majina yote mawili yamo kwenye jalada la vitabu vya kwanza. Katika makala haya tunafuata swali ambalo jalada halilijibu: ni nani aliyeuendesha mchezo wa namna hii kwa mara ya kwanza, na kazi hiyo alijifunzia wapi? Tunauliza hivyo kwa sababu mtu anaweza kuandika mchezo peke yake chumbani, lakini kuuendesha kunataka watu walioketi mbele yako, na watu hao hawafanyi ulichotarajia.

Kwa walimu wetu ambao hawajawahi kukaa kwenye meza hizi, tueleze kwa ufupi. Watu wanne au watano wanaketi pamoja. Kila mmoja ana mhusika wake: askari, mwizi, kasisi, mchawi. Mmoja wao hana mhusika. Huyo ndiye anayewaeleza wenzake wanachokiona na kukisikia, anawauliza, "Mnafanya nini?", na wakishajibu anaamua kinachotokea, mara nyingine kwa kurusha dadu. Si lazima kuwe na ubao, wala hakuna mshindi. Mchezo unaweza kwisha usiku mmoja au kuendelea miaka kumi. Vitabu vya 1974 vilimwita mtu huyo kwa neno lile lile la Kiingereza lililotupa sisi neno "refa", nasi tutamwita hivyo, ingawa refa wa mpira hajengi uwanja wala hasemi kwa sauti ya golikipa.

Refa huyu hakuzaliwa kwenye jukwaa la tamthilia. Alitoka jeshini, Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reiswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliurekebisha na kuuchapisha mwaka 1824, akiiacha meza na kutumia ramani ya kipimo cha 1:8,000. Pande mbili hazikuruhusiwa kuona yote. Kila upande uliandika amri zake kwenye karatasi na kumkabidhi refa, refa akasogeza vikosi kwenye ramani, kisha akauonyesha kila upande kile tu ambacho macho ya askari wake yangeweza kukiona. Dadu na majedwali viliamua ni wangapi wameanguka. Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa makao makuu, alipoutazama alivutiwa hata akaupendekeza kwa jeshi zima. Reisswitz mwana hakuishi kuyafaidi. Alijiua mwaka 1827.

Kasoro ya mchezo ule ilikuwa majedwali. Refa alipekua kurasa huku maofisa wakipiga miayo. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba majedwali na dadu viwekwe kando, refa aamue kwa uzoefu wake wa vita. Hapo pakazuka ubishi ambao haujaisha hadi leo: refa afuate kitabu, au afuate akili yake? Miaka minne baadaye, luteni mmoja wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alitoa kitabu cha mchezo wa vita kiitwacho Strategos, chenye refa mwenye madaraka makubwa. Kisha vita vya mezani vikawa pia burudani ya raia. H. G. Wells aliandika kanuni za kuchezea wanajeshi wa bandia mwaka 1913, na kufikia miaka ya 1960 palikuwa na vikundi vya vijana Marekani vilivyorudia vita vya Napoleon kila mwishoni mwa wiki.

Kikundi kimoja kilikuwa Minneapolis na St. Paul, miji pacha ya Minnesota. (Baadhi ya ndugu zetu wanaishi huko. Ukienda leo, utasikia Kiswahili cha Nairobi madukani kwa Wasomali waliopitia Kenya. Miaka ile lugha hiyo ilikuwa bado haijafika.) Mmoja wa wanakikundi, David Wesely, alikikuta kitabu cha Totten katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Kilichomvutia ni wazo moja: mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, hata kama kanuni hazikulitaja, na refa ndiye atakayesema kama limewezekana. Wesely alitengeneza kanuni zake za vita vya Napoleon kutokana na kitabu hicho, na kikundi kikazoea kuwa na refa.

Mwaka 1969 Wesely aliandaa mchezo wenye tofauti kidogo. Alibuni mji wa Kijerumani akauita Braunstein. Majeshi mawili ya enzi za Napoleon yanaukaribia. Wachezaji wawili walikuwa makamanda, kama kawaida. Kwa kuwa watu walikuwa wengi, Wesely akawapa waliobaki nafasi ndani ya mji wenyewe: huyu meya, yule mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja alipewa malengo yake ya siri. Mpango ulikuwa kwamba waje kwake mmoja mmoja katika chumba cha pembeni, wamweleze wanachotaka kufanya, kisha majeshi yakifika vita vipiganwe mezani.

Vita havikupiganwa. Wakati Wesely yuko chumbani na mchezaji mmoja, waliobaki nje hawakukaa kimya kungoja zamu. Walianza kuzungumza wao kwa wao kama meya na mwenye benki. Wakafanya njama, wakadanganyana, wakaenda mahali ambapo refa hakuwa amewatuma. Wawili wakamjia na kumwarifu kwamba wametoleana changamoto ya kupigana kwa silaha, mmoja kwa mmoja. Wesely hakuwa na kanuni ya jambo hilo. Kanuni zake zilijua kikosi cha mamia ya askari. Hazikujua watu wawili waliokasirikiana. Alibuni njia papo hapo, dadu zikarushwa, matokeo yakatangazwa, na mchezo ukaendelea kuvurugika hadi usiku ukaisha.

Wesely aliondoka akiamini kwamba jambo lake limeharibika. Wachezaji waliondoka wakiuliza lini watacheza tena.

Tunakaa hapa kidogo kwa sababu historia nyingi tulizosoma huupita usiku huu haraka ili kufika 1974. Kwetu sisi ndio usiku wenyewe. Vitu vyote vya baadaye, majoka, panga za kichawi, mahandaki, havikuwepo, lakini kazi ya refa ilikwisha kubadilika. Refa wa Prussia alijua vita ni vita, akaamua nani kashinda. Refa wa Braunstein aliulizwa maswali ambayo hakujua kuwa yangeweza kuulizwa, na alipaswa kuyajibu kabla mwulizaji hajachoka kusimama.

Muhula uliopita klabu yetu iliendesha mchezo huu kwa Kiswahili, na ugumu ulikuwa pale pale. Wengi wetu tulikipata Kiswahili nyumbani, kwa mama na bibi, kisha tukaja kukisoma upya darasani. Nyumbani kazi yetu kubwa ni kusikiliza na kuitika. Darasani ni kuwasilisha tulichokiandika usiku wa jana. Refa hana nafasi ya kuandika usiku wa jana. Mchezaji akisema, "Namwendea mlinzi wa lango, nataka anifungulie," mlinzi lazima ajibu sasa hivi. Na mlinzi wetu alikuwa mzee. Kijana hakumwamkia. Refa wetu alinyamaza, akamtazama, mezani pakawa kimya, hadi mchezaji mwingine akamnong'oneza mwenzake, "Shikamoo, we!" Kijana akaamkia, mzee akasema, "Marahaba, mwanangu, sasa sema shida yako." Hakuna kitabu cha kanuni kilichoandika hilo, wala hapakuhitajika dadu.

Jambo hilo lilizua mjadala wa jina. Wenzetu wanaosoma fasihi simulizi walitaka tumwite refa "fanani" na wachezaji "hadhira", wakisema kwamba mchezo huu ni ngano tu iliyovaa nguo za Kizungu. Hatukubaliani nao kabisa. Fanani anaposema "Paukwa!" hadhira huitika "Pakawa!", huimba, hucheka, hata humkosoa, lakini Sungura atamshinda Fisi wapende wasipende. Mezani, mmoja anaweza kuamua kwamba leo Sungura anahama upande, na refa akalazimika kuishi na uamuzi huo. Tunapenda ngano zetu vya kutosha kutozisukumia sifa ambazo hazikuziomba. Tunachokubali ni kwamba kazi hizi mbili hurithiwa kwa njia moja: hakuna anayezijua kwa kusoma. Unakaa mbele ya anayejua, unasikiliza, siku moja unajaribu.

Ndivyo ilivyokuwa Minnesota. Baada ya usiku wa kwanza, Wesely alijaribu kuubana mchezo usimponyoke tena, na michezo iliyofuata haikupendwa sana. Aliporudi kwenye uhuru, mara hii katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini yenye machafuko ya kisiasa, mambo yakachangamka. Aliyechangamka zaidi ni kijana aliyesoma historia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Dave Arneson. Kama wenzake walivyosimulia baadaye, Arneson alikuja na kitambulisho bandia cha ujasusi wa Marekani alichokiandaa nyumbani, akawashawishi wachezaji wengine kwamba yeye si mwanamapinduzi kama walivyodhani, na mchezo ukaisha akiwa anaondoka na fedha za nchi. Hakuna kanuni iliyomruhusu. Hakuna iliyomkataza.

Mwishoni mwa 1970 Wesely aliitwa jeshini. Kikundi kikabaki na hamu bila refa, na hamu hiyo ndiyo iliyowafanya wengine wajaribu. Duane Jenkins aliendesha mchezo wa enzi za wachunga ng'ombe na bastola. Arneson naye, katika jarida dogo la kikundi, aliwatangazia wenzake mnamo Aprili 1971 Braunstein ya zama za kati, yenye viumbe vya kutisha. Mahali pake palikuwa Blackmoor: kijiji, ngome, na chini ya ngome mahandaki yasiyo na mwisho. Arneson alisema kwamba wazo lilimjia mwishoni mwa wiki moja akitazama filamu za mazimwi na kusoma hadithi za Conan huku akitafuna bisi.

Arneson aliongeza kitu ambacho Wesely hakuwa nacho. Braunstein ilikuwa mchezo wa usiku mmoja. Ukiisha, meya si meya tena. Huko Blackmoor mhusika alibaki yule yule wiki baada ya wiki, akipata nguvu, akipata maadui. Mchezaji mmoja akawa mnyonya damu na kuwasumbua wenzake kiasi kwamba Arneson alilazimika kuruhusu kasisi mwenye uwezo wa kumkabili; kasisi huyo alichezwa na Mike Carr, jina tutakalokutana nalo tena. Yaani hata makasisi wa mchezo huu, ambao leo wanaonekana kama sehemu ya kanuni tangu siku ya kwanza, walitokana na refa kutatua ugomvi wa mezani.

Kanuni zake zilikuwa wapi? Kichwani, na kwenye karatasi zilizotawanyika. Kwa mapigano Arneson aliwahi kutumia kitabu kiitwacho Chainmail, cha mwaka 1971, kilichoandikwa na Jeff Perren na Gary Gygax. Gygax alikuwa Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin. Alikuwa amefanya kazi ya bima Chicago. Alipoipoteza mwaka 1970 akawa fundi viatu nyumbani kwake, huku akihariri na kuandika michezo ya vita. Alikuwa na watoto watano na fedha kidogo.

Katika vuli ya 1972 Arneson na rafiki yake David Megarry walisafiri kwa gari hadi Lake Geneva. Megarry alileta mchezo wake wa ubao, Arneson akaleta Blackmoor. Hakutoa hotuba wala kusambaza karatasi. Aliwaketisha Gygax na wenzake, miongoni mwao Rob Kuntz, akawaingiza ndani ya mahandaki. Hivi ndivyo mchezo ulivyovuka mpaka wa jimbo: kwa mtu mmoja kuuendesha mbele ya wengine. Gygax aliona mara moja kitu alichokuwa amekipata. Akamwomba Arneson kanuni, akaletewa kurasa zisizofika ishirini za maelezo yaliyoandikwa kwa haraka.

Gygax hakungoja. Alichora ngome yake mwenyewe, Greyhawk, akawaita watoto wake wawili, Ernie na Elise, kuwa wachezaji wa kwanza. Waliua wadudu wakubwa. Baba mwenyewe baadaye hakukumbuka vizuri kama walikuwa tandu au nge. Kisha wakapata hazina ya kwanza: sanduku la sarafu 3,000 za shaba, zito kuliko walivyoweza kubeba. Watoto walinuna. Walipokwenda kulala, baba yao alikaa chini akaanza kuchora ghorofa ya pili ya mahandaki. Mchezaji mmoja wa siku hizo alisimulia kwamba Gygax alipenda kukaa nyuma ya kabati la mafaili, wachezaji wasimwone, wamsikie sauti tu. Haukupita muda mrefu akamfanya Rob Kuntz kuwa refa mwenza, kwa sababu inayoeleweka na kila refa: alitaka naye kucheza.

Kutoka hapo hadithi ni ya karatasi na fedha. Gygax alizigeuza kurasa za Arneson na uzoefu wake mwenyewe kuwa mswada, akaupanua hadi kurasa zipatazo 150. Mwaka 1973 alianzisha kampuni na rafiki yake Don Kaye. Brian Blume akajiunga na dola 2,000, na hizo ndizo zilizolipa kiwanda cha chapa. Januari 1974 zilitoka nakala 1,000, vitabu vitatu vidogo ndani ya boksi, bei dola 10.

Waliovinunua mbali na Wisconsin walipata taabu. Vitabu vilidhani kwamba msomaji anamiliki Chainmail, na vilimshauri atumie ubao wa mchezo mwingine wa kampuni nyingine kwa safari za porini. Vilieleza mazimwi, hirizi na hazina. Havikueleza vya kutosha refa aseme nini watu wakishaketi. Tunadhani hili halikuwa uzembe tu. Gygax alijifunza kwa kukaa kwenye meza ya Arneson, na Arneson kwenye meza ya Wesely. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujifunza kwa kusoma, basi wangejuaje anachohitaji msomaji? Matokeo yake ni kwamba kila mji ulibuni namna yake. Mwaka 1975 Lee Gold wa Los Angeles alianzisha jarida, Alarums and Excursions, ambamo wachezaji wa sehemu mbalimbali waliandikiana jinsi wanavyoendesha, na mara nyingi walishangaana.

Kile kisichoandikika kilileta pia kesi. Mwaka 1979 Arneson aliishtaki kampuni akidai malipo kwa matoleo mapya ya mchezo. Kampuni ilikuwa na hoja: maneno ya vitabuni mengi aliyaandika Gygax. Arneson naye alikuwa na hoja: kilichoelezwa na maneno hayo Gygax alikiona kwake. Walipatana mwaka 1981. Sisi tunaegemea upande wa Arneson, ingawa tunakubali kwamba bila Gygax sisi tusingekuwa na cha kucheza. Na Wesely? Hakumo kwenye jalada. Angedai nini, na kwa karatasi gani? Usiku mmoja wa 1969 aliwajibu watu wawili waliotaka kupigana.

Jitihada za kumsaidia anayeendesha kwa mara ya kwanza zilianza na mtu wa nje. J. Eric Holmes, profesa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu huko California, alijitolea kuvipanga upya vile vitabu kwa ajili ya wanaoanza, na toleo lake likatoka mwaka 1977. Kisha ikaonekana kwamba hata maelezo safi hayatoshi. Anayeanza anahitaji mahali pa kuanzia. Kazi hiyo alipewa Mike Carr, yule kasisi wa Blackmoor, aliyekuwa sasa mwajiriwa wa kampuni. Kijitabu chake, In Search of the Unknown, cha mwishoni mwa miaka ya 1970, ndicho tunachokipenda kuliko vyote tulivyovisoma kwa ajili ya makala haya. Kina ramani kamili ya ngome iliyoachwa na wenyewe, na maelezo ya chumba kimoja kimoja: jiko, maktaba, chumba cha madimbwi yenye vimiminika vya ajabu. Lakini Carr hakusema ndani yake mna nani. Mwishoni mwa maelezo ya chumba kuna nafasi mbili tupu, moja ya zimwi na moja ya hazina, na nyuma ya kitabu kuna orodha za kuchagulia. Refa mpya anapaswa kuzijaza mwenyewe. Nakala za zamani zinazouzwa leo mara nyingi zina maandishi ya penseli kwenye nafasi hizo, mwandiko wa kitoto, yaliyofutwa na kuandikwa tena.